Bei ya kukosea: pochi ipi ya dola za kidijitali inakufaa?

Kumtumia mtu shilingi 10,000 kwa M-Pesa nchini Kenya hugharimu shilingi 90. Mpokeaji akienda kuzitoa kwa wakala, anakatwa 115. Jumla ni 205, kama asilimia 2 ya fedha zenyewe. Kwa shilingi 500 hali ni mbaya zaidi: 7 za kutuma na 29 za kutoa, jumla 36, yaani zaidi ya asilimia 7. Watu hulalamikia makato haya kila siku, na wana haki. Ila kuna jambo moja zuri ambalo hawalitaji kwa sababu wamelizoea mno: kabla fedha hazijaondoka, jina la mpokeaji hutokea kwenye simu. Safaricom huiita huduma hiyo Hakikisha. Ukitarajia kuona Mwanaisha ukaona Kiprono, unasitisha. Na kama umeshatuma, unapeleka ujumbe wa muamala kwenye 456 kuomba fedha zirudishwe. Hazirudi kila mara, lakini kuna mlango wa kubisha.

Anayetengeneza pochi ya sarafu za kidijitali kwa ajili ya Afrika Mashariki anashindana na hilo, apende asipende. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na kizazi kizima kimekua kikijua kwamba pesa hutumwa kwa namba ya simu na kuthibitishwa kwa jina. Matangazo ya kripto huja na wimbo wa ada: senti tu, dakika moja, popote duniani. Mara nyingi ni kweli. Mnunuzi mwenye busara ana swali jingine la kuuliza: siku nikikosea, nitalipa kiasi gani, na nitamlilia nani?

Ili ulinganisho uwe wa haki, tumchukue mtu mmoja. Ni mtafsiri, mchora vibonzo au fundi wa tovuti, yuko Mombasa au Nairobi, na mteja wake wa ng'ambo anamlipa dola 200 kwa mwezi kwa USDT au USDC, sarafu ambazo thamani yake imefungwa kwenye dola ya Marekani. Anataka kulipa kodi ya nyumba, kununua unga na kubakiza akiba kidogo. Hatafuti utajiri. Anayetafuta utajiri ana makala nyingi za kusoma kwingine, na matapeli wengi wa kumsaidia kuzisoma.

Ada isiyoandikwa

Tuanze na hesabu, maana hapa ndipo wengi huibiwa wakitabasamu. Chukulia dola moja ni shilingi 129. Dola 200 ni shilingi 25,800. Kutoa kiasi hicho kwa wakala wa M-Pesa ni shilingi 197. Sasa angalia bei ya kubadilishia. Anayenunua dola zako akikupa 128 badala ya 129, umepoteza shilingi 200, zaidi kidogo ya ada nzima ya wakala. Akikupa 126, umepoteza 600. Programu haitaandika popote kwamba umekatwa 600. Itaandika kwa rangi ya kijani: ada, sufuri.

Ndiyo maana usilinganishe ada na ada. Linganisha shilingi zitakazoingia mkononi, siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, kwa kiasi kile kile cha dola. Programu isiyokuonyesha idadi kamili ya shilingi kabla ya kukubali haijakuheshimu, hata kama michoro yake inapendeza.

Kodi nayo imebadilika. Kenya ilianza kutoza asilimia 3 ya thamani ya muamala wa mali za kidijitali Septemba 2023, ikaiondoa Julai 2025, na mahali pake ikaweka ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 juu ya ada anayotoza mtoa huduma. Kwa mtu wetu tofauti ni kubwa: asilimia 3 ya 25,800 ni shilingi 774, ilhali asilimia 10 ya ada ya shilingi 100 ni shilingi 10. Tanzania iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 katika Sheria ya Fedha ya 2024, huku tangazo la Benki Kuu la mwaka 2019 la kuwaonya wananchi dhidi ya sarafu hizi likiwa bado kichwani mwa watu. Aliyeko Dar es Salaam au Arusha na aweke asilimia hiyo kwenye hesabu yake kabla ya kushangilia ada ndogo.

Soko kubwa na mtu usiyemjua

Njia iliyozoeleka zaidi ni kufungua akaunti kwenye soko la kimataifa la sarafu, Binance likiwa ndilo maarufu, kupokea USDT humo, kisha kuziuza kwa mtu mwingine anayelipa kwa M-Pesa. Soko huzishikilia sarafu zako mpaka uthibitishe kwamba shilingi zimeingia, ndipo huziachilia kwa mnunuzi. Ukisahau nywila, kuna njia ya kurudishiwa. Kuna dawati la msaada. Kwa mtu anayeanza, hicho si kitu kidogo.

Bei huwa nzuri kwa sababu wanunuzi wanashindana mbele ya macho yako. Hatari iko kwenye dakika zile kumi au kumi na tano za kusubiri malipo. Matapeli hutuma ujumbe wa M-Pesa wa bandia, wenye herufi na nukta zote mahali pake. Wengine hulipa kwa laini ya mtu waliyemlaghai, na mwenye laini akilalamika, fedha zilizoingia kwako ndizo zinazofungiwa. Kinga ni mbili tu: angalia salio lako ndani ya M-Pesa yenyewe, usiamini ujumbe, na ukiona jina la aliyelipa halilingani na jina lililoandikwa sokoni, usiachilie sarafu, hata akikuita kaka mara kumi.

Skrini ya kupokelea ndiyo aibu ya masoko haya. Unapotaka anwani ya kumpa mteja wako, unaulizwa uchague mtandao: TRC20, ERC20, BEP20 na majina mengine ya ukoo huo. Hakuna benki iliyowahi kumuuliza mteja fedha zake zipite kwenye kebo gani ya baharini. USDT iliyotumwa kupitia mtandao ambao pochi ya upande wa pili haiufahamu inaweza kukwama, na kuikwamua ni ama kwa malipo na kusubiri, ama haiwezekani kabisa. Mwongozo mfupi: anayepokea ndiye ataje mtandao kwa maandishi, anayetuma airudie kauli hiyo, na dola 5 zitangulie kabla ya 195. Ada ya jaribio hilo ni bima ya bei nafuu kuliko zote nilizotaja.

La mwisho kuhusu masoko: fedha zilizomo ni deni ambalo wewe unaidai kampuni, ukiamini kwamba italilipa. Soko la FTX lilianguka Novemba 2022 na mabilioni ya dola za wateja yakakwama kwa muda mrefu. LocalBitcoins la Finland lilifunga shughuli mwaka 2023, ingawa kwa utaratibu. Kenya sasa ina Sheria ya Watoa Huduma za Mali za Kidijitali, iliyotiwa saini Oktoba 2025, na Benki Kuu pamoja na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ndizo zinazohusika na leseni. Uliza leseni kabla ya kuuliza bei.

Maneno 12

Njia ya pili ni kuwa na pochi ambayo funguo zake unazo mwenyewe: MetaMask, Trust Wallet na nyinginezo. Hapa hakuna kampuni ya kuanguka na akiba yako. Hakuna pia kitufe cha "nimesahau". Siku ya kwanza unapewa maneno 12, wakati mwingine 24, na mwenye maneno hayo ndiye mwenye mali.

Maneno huchaguliwa kutoka kwenye orodha ya maneno 2,048. Orodha rasmi zipo za Kiingereza, Kijapani, Kikorea, Kihispania, Kichina, Kifaransa, Kiitaliano, Kireno na hata Kicheki. Kiswahili hakimo. Kwa hiyo mtu anayehesabu, kusali na kugombana kwa Kiswahili analindwa na maneno ya lugha ambayo huenda anaiandika kwa kubahatisha. Kuna nafuu moja ambayo wachache huelezwa: katika orodha ya Kiingereza, herufi nne za mwanzo zinatosha kulitambua kila neno. Hakikisha hizo nne zinasomeka vizuri, kwa kalamu na kwenye karatasi, wala si picha ya skrini ambayo simu itaipeleka kwenye hifadhi ya mtandaoni bila kukuuliza.

Kupoteza si hadithi za kutishia watoto. James Howells wa Newport, Wales, alitupa diski ya kompyuta mwaka 2013 yenye funguo za bitcoin karibu 8,000, na akatumia miaka mingi kuomba ruhusa ya kuchimbua jaa la taka la mji. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika blokucheni daftari lipo, liko wazi kwa dunia nzima, wala halifutiki, na mali hupotea hivyo hivyo likiitazama.

Kosa jingine la usanifu limewagharimu hata wajuzi. Anwani ya Ethereum ina herufi na tarakimu 42. Kwa kuwa haisomeki, pochi nyingi huifupisha na kuonyesha mwanzo na mwisho tu. Wezi wakagundua kwamba wanaweza kutengeneza anwani yenye mwanzo na mwisho kama wa rafiki yako, wakakutumia kiasi kidogo kabisa ili anwani yao ikae kwenye orodha ya miamala yako, kisha wakasubiri siku utakapoinakili kwa haraka. Mei 2024 mtu mmoja alipeleka sarafu zenye thamani ya takriban dola milioni 68 kwenye anwani ya namna hiyo. Baada ya mazungumzo zilirudishwa, lakini usijenge nyumba juu ya bahati ya mtu mwingine. Usinakili anwani kutoka kwenye historia. Iombe upya, au uihifadhi kwenye kitabu cha anwani cha pochi na kuipa jina.

Na gharama? Hapa kuna mtego ambao ningemfukuzisha kazi mbunifu kwa ajili yake. Una USDT 200 kwenye mtandao wa Tron. Unataka kutuma 50. Pochi inakataa: huna TRX. Ada ya mtandao hulipwa kwa sarafu nyingine ambayo hukuwahi kuiomba, na ili uipate unahitaji mtu akutumie au urudi sokoni. Ukiipata, ada yenyewe si senti. Inaweza kufika dola 2 au zaidi, na huwa karibu maradufu kama pochi ya mpokeaji haina USDT yoyote ndani yake. Kwa dola 200 hilo linavumilika. Kwa dola 10 za kumtumia mdogo wako ni kichekesho. Ukibadilisha sarafu ndani ya MetaMask yenyewe, kampuni inachukua asilimia 0.875, na ada ya mtandao ni juu yako.

Dawa imeanza kupatikana. Mabadiliko ya Ethereum yaliyoitwa Pectra, ya Mei 2025, yaliiwezesha pochi ya kawaida kuruhusu mtu mwingine ailipie ada, au ada ilipwe kwa dola zile zile unazotuma. Na mitandao midogo iliyojengwa juu ya Ethereum ilishuka bei sana baada ya Machi 2024, mingi ikawa chini ya senti. Kuwepo kwa dawa, hata hivyo, si sawa na pochi yako kuitumia. Jaribu mwenyewe: weka dola 5 bila sarafu nyingine yoyote, kisha utazame kama unaweza kuzitoa.

Vifaa vya kuhifadhia funguo nje ya simu, kama Ledger vya Ufaransa na Trezor vya Jamhuri ya Cheki, huanzia kati ya dola 50 na 80 kabla ya usafirishaji na ushuru wa forodha. Mwenye akiba ya dola 300 hana haja navyo. Mwenye dola 5,000 anazembea kama hana.

Namba ya simu badala ya anwani

Bidhaa iliyoelewa somo la M-Pesa vizuri zaidi, kwa maoni yangu, ni MiniPay. Imetengenezwa na Opera, kampuni ya vivinjari ya Norway, ikaanzia Nigeria Septemba 2023 ndani ya Opera Mini kabla ya kuingia Kenya na nchi nyingine. Inatumia mtandao wa Celo, ambao uliruhusu ada ilipwe kwa dola za kidijitali zenyewe, na ada hiyo kwa kawaida haifiki senti moja. Unamtumia mtu kwa namba yake ya simu. Skrini inaonyesha dola na fedha ya nchi yako, si mkia wa sufuri. Maneno 12 hayakufukuzi mlangoni: nakala ya ufunguo huwekwa kwenye akaunti yako ya Google.

Hapo ndipo napunguza makofi. Ufunguo wa akiba yako sasa ni akaunti ya Google, na jiulize iliundwaje. Wengi walifunguliwa na kijana wa dukani siku walipouziwa simu. Nywila aliijua yeye, au hakuna anayeijua hadi leo. Kabla ya kuweka dola hata moja, ingia kwenye akaunti hiyo kwa mkono wako, badilisha nywila, na weka namba ya kurejeshea ambayo ni yako kweli. Jambo la pili, mteja wako wa ng'ambo huenda hajawahi kusikia Celo. Kama anajua Tron au Solana tu, itabidi dola zipite sokoni kwanza, na unalipa njia mbili. Jambo la tatu, kutoa shilingi hufanywa na makampuni washirika, kila moja na bei yake, kwa hiyo hesabu ya 129 na 126 inarudi pale pale. Fungua zaidi ya mshirika mmoja uone idadi ya shilingi kabla ya kubonyeza.

Bitcoin iliyojificha

Njia ya nne ni bitcoin kupitia Lightning, mtandao wa malipo madogo ya haraka. Kinachovutia hapa ni ubunifu wa kuificha. Tando, programu ya Kenya, inakuuliza mambo ambayo unayajua tayari: namba ya M-Pesa, au till ya duka, na kiasi cha shilingi. Unalipa kwa bitcoin kutoka pochi yoyote ya Lightning, na muuza mboga anapokea shilingi kwenye M-Pesa yake kama kawaida, bila kujua wala kujali zimetoka wapi. Machankura, iliyoanzishwa mwaka 2022 na Kgothatso Ngako wa Afrika Kusini, inakwenda mbali zaidi: inafanya kazi kwa menyu ya nyota na reli, hata kwenye simu ya kitochi isiyo na intaneti. Gharama ya urahisi huo ni kwamba sarafu zinashikwa na mtoa huduma, si wewe. Kwa kiasi cha nauli na sukari, sioni ubaya.

Kwa mshahara ni jambo jingine. Bitcoin hupanda na kushuka, na kodi ya nyumba haishuki nayo. El Salvador ilijaribu mwaka 2021: serikali ikatoa pochi ya Chivo na zawadi ya dola 30 kwa kila aliyejisajili. Watafiti waliohoji kaya 1,800 walikuta kwamba wengi walitumia zawadi na kuiacha pochi. Zawadi ya kujiunga, msomaji, haijawahi kuwa dalili ya bidhaa nzuri. Huku kwetu, huko Soweto West, Kibera, kuna wafanyabiashara wadogo wanaopokea bitcoin kupitia mradi wa AfriBit, na pengine watatufundisha jambo, lakini wengi wao wanabeba hatari ya bei ambayo mimi singembebesha mtu mwenye watoto wa shule.

Ningefanyaje?

Kwa dola 200 za kila mwezi, na mteja anayekubali kutuma kwa Celo, ningechagua pochi ya namba ya simu kama MiniPay, baada ya kuisafisha ile akaunti ya Google. Mteja akikataa, ningepokea kwenye soko kubwa, nikauza siku hiyo hiyo, nisiache humo zaidi ya kiasi ambacho kukipoteza kunaumiza lakini hakuniondolei nyumba. Pochi ya maneno 12 ningeitunzia akiba ya muda mrefu tu, kwenye mtandao ambao ada yake inalipwa kwa dola zile zile, na maneno yakiwa kwenye karatasi mbili, nyumba mbili. Lightning ningeiweka kwa malipo madogo.

Lakini kabla ya yote muulize mteja kama anaweza kulipa kwa benki au kwa huduma ya kawaida ya kutuma fedha. Wastani wa gharama za kutuma fedha kuja Afrika kusini mwa Sahara ni karibu asilimia 8 kwa takwimu za Benki ya Dunia, na lengo la Umoja wa Mataifa la asilimia 3 ifikapo 2030 bado liko mbali, ila huo ni wastani, na kuna njia zilizo chini yake sana. Omba njia zote mbili, hiyo na ya kripto, zikupe idadi ya shilingi zitakazofika. Benki ikizidi, chukua ya benki, na uache kripto kwa wanaoihitaji.